Paka wa Ndotoni na Mabaka Yake: Maswali na Majibu

Wiki hii ni paka mtupu. Dada mmoja aliota paka ambaye rangi zake zilikuwa zinahama mwilini, akaniandikia. Kabla sijamjibu zikaingia barua za paka wenye mabaka, paka weusi wasio weusi sana, na paka wanaogombana na watu usingizini. Nimezijibu kwa pamoja. Wa viroboto na minyoo subirini, zamu yenu ipo.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niliota paka amenikalia kifuani, mzito kweli, ana mabaka ya chungwa, meusi na meupe. Nikimtazama, mabaka yanahama: jeusi linapanda shingoni, la chungwa linashuka mguuni, mwisho yakageuka milia ya kijani na zambarau. Yeye ananikodolea macho tu. Niliamka natweta, na hadi leo naweza kumchora. Mama mkwe anasema ni adui, rafiki yangu anasema ni bahati. Nimwamini nani?

Jibu: Marahaba. Ukitafuta maana ya paka ndotoni utaipata, tena ya kila namna. Wamisri wa kale waliacha fasiri za ndoto kwenye karatasi ya mafunjo yenye umri wa takriban miaka 3,200, ambayo leo imehifadhiwa British Museum, London: mtu akijiona ndotoni anamtazama paka mkubwa, ni heri, atapata mavuno mengi. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2, alisema paka ni mzinzi, kwa kuwa ni mwizi wa ndege. Vitabu vinavyonasibishwa na Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, vinamfasiri paka kuwa mwizi. Mavuno, mzinzi, mwizi, na mnyama ni yule yule. Mama mkwe na rafiki yako wanaendeleza ubishi mkongwe, nami siuamui. Ninachoweza kukueleza ni kwa nini paka wako alikuwa mzito, kwa nini rangi zake hazikutulia, na kwa nini hakutoki akilini.

Ndoto zenye picha kali na kisa kinachoeleweka huja zaidi katika sehemu ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Wataalamu huiita REM, na walioitangaza mwaka 1953 ni Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Mwanzoni mwa usiku huwa kifupi, kuelekea alfajiri kinarefuka, ndiyo maana zile ndoto ndefu hutukuta tukikaribia kuamka. Wakati huo maeneo ya ubongo yanayoshughulika na sura, pamoja na yale ya hofu na hisia, yanachapa kazi, huku sehemu za mbele, zile za kupima na kuhoji, zikiwa zimepoa. Kwa hiyo mabaka yalihama na wewe hukusema "haiwezekani". Aliyezoea kusema hivyo alikuwa amelala.

Tukiwa macho, paka aliye mbele yetu anaisahihisha picha kila tunapomtazama. Ndotoni hakuna paka wa kuisahihisha. Ukigeuza jicho na kulirudisha, ubongo unaitunga upya, na si lazima itoke vile vile. Waliojizoeza kutambua kwamba wanaota wakiwa ndani ya ndoto yenyewe hutumia jambo hili kujipima: husoma maandishi, hutazama pembeni, husoma tena. Yakibadilika, wanajua wamelala. Mabaka ya paka wako yalifeli mtihani huo huo.

Tuje kwenye uzito. Kwanza, una paka nyumbani? Kama unaye, mshukiwa namba moja ni yeye, na kesi imekwisha. Kama huna, jua kwamba katika REM misuli ya mwili hulegezwa makusudi ili tusitende tunayoyaota. Akili ikitangulia kuamka kabla misuli haijaachiliwa, mtu hujikuta hawezi kujinyanyua na kifua kimekandamizwa. Ndilo jinamizi, na linapokuja watu wengi huhisi pia kwamba kuna kiumbe kimewakalia. Ubongo wako ulihisi mzigo kifuani, ukautafutia mwenyewe.

Kwa nini paka, na kwa nini rangi? Jiulize ulitazama nini siku moja au mbili kabla. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Harvard walieleza jinsi walivyowachezesha watu mchezo wa kompyuta wa Tetris kwa saa kadhaa, kisha wakawauliza wanaona nini wanaposinzia. Waliona vipande vikidondoka. Kilichonivutia mimi ni kwamba miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa kumbukumbu, watu ambao hawakukumbuka hata kuwa wamecheza, na baadhi yao waliviona vipande vile vile. Huhitaji kukumbuka kitu ili kikufuate usingizini. Kitambaa cha mabaka, katuni ya mtoto, picha ya paka uliyoipita kwenye simu, vyote vinatosha.

Na hakutoki akilini kwa kuwa uliamka katikati ya tukio, moyo ukienda mbio, halafu ukamsimulia mama mkwe, ukamsimulia rafiki, ukaniandikia na mimi. Ndoto nyingi hufutika ndani ya dakika chache. Inayosimuliwa inakaza, na mara nyingine inanenepa. Ningekuwa wewe ningemwacha paka nikaishughulikia ile hofu. Ikiwa inajirudia na kukunyima usingizi, au jinamizi linakukaba mara kwa mara, zungumza na daktari. Ikiwa ni mara moja tu, mchore kama ulivyosema, kabla mama mkwe hajamwongezea pembe.

Swali: Babu yetu anasema yeye huota nyeusi na nyeupe tu, hajawahi kuona rangi ndotoni. Anatuchezea?

Jibu: Huenda anasema kweli. Mwaka 1942 wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliulizwa kuhusu rangi katika ndoto, na karibu asilimia 71 walisema huziona mara chache au hawazioni kabisa. Swali lile lile lilipoulizwa tena karibu miaka 60 baadaye, waliojibu hivyo walikuwa asilimia 18 hivi. Katikati hapo filamu, picha na televisheni zilipata rangi. Utafiti uliotoka mwaka 2008 nao ulionyesha kuwa waliokulia kwenye picha zisizo na rangi ndio wanaoripoti zaidi ndoto za kijivu.

Wako wanaosema ndoto hazikubadilika, kilichobadilika ni namna ya kuzikumbuka na kuzieleza. Mimi naegemea huko kidogo, lakini sitabishana na babu kuhusu kilichomo kichwani mwake.

Swali: Mwalimu, paka wangu ana rangi tatu: nyeupe, nyeusi na chungwa. Kila anayemwona anasema "huyu jike" hata kabla ya kumgeuza. Rangi inaijuaje jinsia?

Jibu: Rangi haijui kitu, ila jeni yake, yaani agizo la urithi lililomo ndani ya seli, inakaa mahali pa aina yake. Jeni inayoamua kama manyoya yatakuwa ya chungwa iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Dume ana X moja na Y moja, kwa hiyo ana jibu moja tu: chungwa, au si chungwa. Jike ana X mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na majibu yanaweza kupingana.

Yakipingana, rangi hazichanganywi zikatoa rangi ya kati. Mapema sana tumboni, kiinitete kikiwa bado ni kifungu cha seli, kila seli ya jike huzima X moja kati ya mbili. Ipi, ni bahati nasibu, kama mtu anayerusha sarafu. Lakini sarafu ikishatua, uamuzi haubadiliki, na seli zote zitakazozaliwa na seli hiyo huurithi. Ukoo wa seli uliozima X ya chungwa utatoa manyoya meusi. Ukoo uliozima ile nyingine utatoa ya chungwa. Mabaka ya paka wako ndiyo mipaka ya koo hizo. Hakuna mwingine duniani mwenye ramani hiyo, hata dada zake wa uzao mmoja.

Fanya hivi siku akiwa ametulia. Tafuta mahali ambapo baka jeusi linapakana na la chungwa, yatenge manyoya kwa vidole viwili mpaka uione ngozi. Mpakani utakuta nywele za rangi zote mbili zimesimama bega kwa bega, lakini si rahisi kupata unywele mmoja ambao nusu yake ni wa ukoo huu na nusu wa ule.

Paka ana nafasi ya heshima katika habari hii. Mwaka 1949 Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram, wakichunguza seli za neva za paka huko Kanada, waliona kidoa cheusi ambacho majike wanacho na madume hawana. Miaka 12 baadaye, 1961, Mary Lyon wa Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi na panya wenye mabaka, alieleza kwamba X moja huzimwa. Kidoa cha Barr ndiyo hiyo X iliyozimwa, imekunjamana. Sisi binadamu tunafanya vivyo hivyo: kila mwanamke ana tishu zenye mabaka ya X hii na X ile, ila kwetu hayaonekani kwenye ngozi.

Jeni yenyewe ya chungwa ilijificha muda mrefu mno. Ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 100 kwamba rangi hiyo inafuatana na jinsia, lakini ni mwishoni mwa 2024 tu ndipo makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na jingine la Stanford, Marekani, yalipotangaza kuwa kwa paka wa chungwa limekosekana pande la herufi 5,000 hivi za DNA katika eneo la jeni ARHGAP36. Kwa sababu ya pengo hilo, jeni ambayo ingekaa kimya kwenye seli za rangi inaamka, na seli inaacha kutengeneza rangi nyeusi, inatengeneza ya wekundu, ndiyo hiyo chungwa. Matokeo yalichapishwa rasmi 2025.

Weupe ni habari nyingine kabisa, hauhusiani na X. Seli za rangi huanzia karibu na uti wa mgongo wa kijusi, zikasambaa kuelekea ubavuni, tumboni na miguuni. Kwa paka mwenye jeni ya mabaka meupe, seli hizo hazifiki kila mahali wala hazizaliani za kutosha, na pasipo na seli hizo manyoya hutoka meupe. Tazama weupe ulipo: kifua, tumbo, vidole, pua. Ni pembezoni, mbali na zilikoanzia. Na paka akiwa na weupe mwingi, mabaka yake ya rangi huwa makubwa na yenye mpaka dhahiri, kwa sababu seli chache zilizofika zilizaliana papo hapo. Asiye na weupe, nyeusi na chungwa humwingiliana nywele kwa nywele, na wengine humwona mchafu. Mimi ndiye ninayempenda zaidi.

Swali: Kuna mtu ananiuzia shume wa rangi tatu, anasema ni nadra na nikimzalisha nitapata wengine. Nifanye haraka?

Jibu: Usifanye haraka kaka, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kweli ni nadra: inakadiriwa mmoja kwa kila paka 3,000 hivi wa rangi tatu ndiye dume. Wengi wao wana X mbili na Y moja, XXY, na ndiyo maana wanaweza kubeba majibu mawili. Lakini hali hiyo hiyo huwafanya karibu wote kuwa tasa. Anayekuahidi uzao anakuahidi hewa.

Kabla ya yote, mgeuze. Kwa kitoto cha paka, inua mkia: dume ana tundu la mviringo lililo mbali kidogo na njia ya haja kubwa, jike ana mpasuo mdogo ulio karibu nayo. "Mashume" wa rangi tatu wengi huishia hapo.

Swali: Mwalimu, paka wangu wa mabaka ana miaka 15 na ameanza kukonda. Nimesikia siku hizi wanaweza kuchukua seli zake na kutengeneza mwingine. Atarudi vile vile?

Jibu: Pole sana. Atakuja paka, ila yule wako hatakuja, na ushahidi upo. Paka wa kwanza kuzalishwa kwa njia hiyo alizaliwa tarehe 22 Desemba 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Seli zilitoka kwa Rainbow, jike wa rangi tatu. Mtoto akaitwa CC. Vipimo vya DNA vilisema ni nakala ya Rainbow. Macho yakasema vingine. CC alikuwa na milia ya kahawia juu ya weupe, hana hata unywele mmoja wa chungwa.

Ukishalielewa jibu la swali la rangi tatu, hili halikushangazi. Seli iliyochukuliwa ilikuwa imeshazima X yenye chungwa, na uzimaji huo haukufutika. Mwili mzima wa CC ukatokana na upande mmoja wa sarafu. Mabaka meupe nayo yalipangwa upya, kwa sababu safari ya seli za rangi tumboni haifanani mara mbili. CC mwenyewe hakuwa na neno; alizaa watoto mwaka 2006 na akaishi hadi 2020, miaka 18.

Mimi fedha na nguvu hizo ningeziweka kwa huyu aliye hai. Paka wa miaka 15 anayekonda apimwe figo, tezi ya shingoni na sukari, na uangalie kama siku hizi anakunywa maji kupita zamani. Hayo mengi yana dawa ya kumsogeza mbele.

Swali: Ni kweli paka wa rangi tatu ni wakorofi?

Jibu: Wenye paka zaidi ya 1,200 waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwasema majike hao kuwa wepesi kidogo wa kuparura na kufoka. Lakini waliohojiwa ni wenye paka, hakuna aliyewapima paka wenyewe, na tofauti ilikuwa ndogo. Mtu aliyekwisha kuambiwa paka wake ni mkorofi atahesabu kila ukucha. Wangu mkorofi kuliko wote alikuwa mweupe.

Swali: Paka wangu ni mweusi tii, lakini akijinyoosha juani naona milia ya kahawia ubavuni. Amechanganywa na nini?

Jibu: Hajachanganywa na kitu. Paka weusi nao wana milia, imefunikwa tu.

Okota unywele ulioanguka wa paka wa kawaida wa milia, kutoka kwenye sehemu yake ya rangi hafifu, uulaze juu ya karatasi nyeupe. Shina ni la kijivu, katikati kuna mkanda wa manjano, ncha ni nyeusi. Mkanda huo huwekwa na jeni iitwayo agouti, inayoiambia seli ya rangi ibadilishe wino kwa muda kisha irudi. Kwenye mlia wenyewe mkanda hauonekani, unywele ni mweusi takriban wote. Milia ni tofauti kati ya nywele zenye mkanda na zisizo nao. Paka mweusi amerithi agouti mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo mikanda haipo na tofauti inafutika. Inafutika karibu yote. Mwanga mkali unaibua iliyobaki, hasa kwa watoto wadogo. Paka wa chungwa hawana bahati hiyo ya kujificha: ubovu wa agouti hauwafuniki, na ndiyo maana hutapata wa chungwa asiye na hata dalili ya mlia usoni au mkiani.

Ramani ya milia huchorwa kwenye ngozi ya kijusi kabla nywele hazijachomoza. Hilo lilithibitishwa mwaka 2021. Iwe milia myembamba au mizingo mipana ubavuni, huamuliwa na jeni Taqpep, iliyotambuliwa mwaka 2012, na hitilafu ya jeni hiyo hiyo ndiyo inayompa duma mfalme wa kusini mwa Afrika michirizi minene mgongoni badala ya madoa. Kwa paka wa nyumbani mizingo ni mtindo mpya. DNA ya mifupa ya kale, iliyochapishwa 2017, inaionyesha mara ya kwanza katika milki ya Waosmani (Waturuki) karne ya 14, na haikuenea mpaka karne ya 18. Paka waliochorwa na Wamisri wana milia myembamba.

Ikiwa weusi wote unageuka wekundu, si milia pekee, basi ni jua, au chakula chake kina upungufu wa protini ya nyama. Weusi hutengenezwa kutokana na tirosini, kijenzi kimojawapo cha protini, na paka anayelishwa wanga mtupu hupungukiwa nayo.

Swali: Mwanangu wa miaka sita anauliza kwa nini hakuna paka wa kijani.

Jibu: Mwambie paka ana wino aina mbili tu, mweusi na mwekundu. Ukiufifisha mweusi unapata kijivu au kahawia, ukiufifisha mwekundu unapata krimu, ukiukosa wote unapata mweupe. Kijani hakitoki humo, wala hakuna mnyama anyonyeshaye mwenye wino wa kijani kwenye nywele zake. Swali zuri kuliko mengi ya wakubwa.

Swali: Nimeletewa watoto wa paka weupe wa aina ya Siamese. Sasa wana wiki chache na masikio yanakuwa meusi. Ni ugonjwa?

Jibu: Ni baridi. Kimeng'enya chao cha kutengenezea rangi ni dhaifu, kinashindwa kazi kwenye joto la mwili. Tumboni kuna joto kila mahali, wakazaliwa weupe. Nje, masikio, pua, miguu na mkia hupoa, kimeng'enya kinafanya kazi, weusi unaingia. Siku daktari akimnyoa ubavuni kwa upasuaji, usishtuke manyoya yakirudi meusi kidogo mahali hapo. Yatarudi rangi yake atakapoyapukutisha.

Swali: Mwalimu, paka wangu akilala anarusha miguu, masharubu yanatetemeka, wakati mwingine anatoa sauti ya kuwinda. Anaota? Nimwamshe?

Jibu: Hawezi kutusimulia, lakini hakuna mnyama aliyetupa ushahidi mzito kama yeye. Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aligundua kwamba kuna sehemu ndogo kwenye shina la ubongo wa paka inayolegeza misuli wakati wa REM. Alipoiharibu, paka waliendelea kulala, lakini wakiingia REM walisimama. Walinyemelea kisichokuwepo, wakarukia kisichokuwepo, wakapigana, wakajilamba. Ukiwawekea panya wa kweli mbele yao hawakumwona. Leo jaribio hilo lingeleta ubishi mkubwa wa kimaadili, na ni haki. Lakini lilionyesha kuwa nyuma ya mwili ule uliolegea kuna mambo yanaendeshwa, tena yenye mpangilio. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walieleza binadamu wenye hitilafu inayofanana: hurusha ngumi na mateke wakiota. Mtu wa nyumbani kwako akianza hivyo ukubwani, mpeleke hospitali. Wakati mwingine ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa neva.

Paka wako anayetingisha vidole na masharubu yuko salama: ulegezaji unafanya kazi, yanayoponyoka ni machache. Usimguse, maana aliyekuwa anawinda anaweza kukuzawadia kucha kabla hajajua ni wewe. Ukiwa na wasiwasi, simama pembeni umwite jina. Anayeota atafumbua macho, atakutazama, atalala tena. Ukiona mwili mzima umekakamaa, anatokwa mate au mkojo, haitiki, na akizinduka anapepesuka bila kukutambua, hicho ni kifafa. Mrekodi video kwa simu na uangalie saa ili ujue tukio limechukua muda gani, kisha umwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Likizidi dakika tano, au yakija mawili mfululizo, usingoje liishe.